Transfoma ya kwenye kompyuta haipati moto: upotevu umejificha wapi?

Msomaji mmoja ameandika: "Nina transfoma ya fezi moja, VA 500, volti 230 kwa 24, hezi 50. Nimeiigiza kwenye LTspice, programu ya kuigiza saketi, kwa koili mbili, moja ya henri 4 na nyingine ya milihenri 43.5, nikaziunganisha kwa K. Nikaweka ukinzani wa nyaya nilioupima mwenyewe: omu 2.6 upande wa kwanza na omu 0.030 upande wa pili. Kwa mzigo wa omu 1.152, kompyuta inaniambia ufanisi ni asilimia 95.2. Mita zangu mezani zinasema 91 na kitu. Nikashusha K kutoka 0.999 hadi 0.98 nikitegemea upotevu uongezeke. Volti za mzigo zikaanguka hadi 20 na ushee, ufanisi ukabaki palepale. Tena bila mzigo transfoma ya kompyuta haili hata wati moja, ya kwangu inapata uvuguvugu. Nakosea wapi?"

Ndugu yangu, hesabu yako haina kosa. Kompyuta imekujibu sawasawa kile ulichoiuliza, ila ulichoiuliza si transfoma iliyo mezani kwako. Programu yoyote ya jamii ya SPICE, tangu ile ya kwanza iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, haijui chuma wala shaba. Inajua alama ulizochora tu. Koili isiyo na ukinzani hukopa nishati robo ya wimbi na kuirudisha yote robo inayofuata. Kwenye mchoro wako vitu vinavyoweza kula nishati bila kuirudisha ni viwili tu, zile omu 2.6 na zile omu 0.030. Kila wati iliyopotea imepotelea humo, kwa sababu hakuna pengine pa kupotelea.

Tuanze na K, maana hapo ndipo wengi huzama. K inasema ni sehemu gani ya flaksi (mtiririko wa usumaku) ya koili ya kwanza inapita pia ndani ya koili ya pili. Flaksi isiyofika ng'ambo haijateketea. Imezunguka hewani kando ya koili na kurudi nyumbani, na kwenye saketi inaonekana kama koili ndogo iliyokaa mfululizo na mzigo. Koili hiyo inabana volti lakini haili wati. Ndiyo maana uliposhusha K volti zilianguka na ufanisi ukakataa kutikisika. Tena ulishusha mno. Ukiwa na henri 4 upande wa kwanza, K ya 0.98 ina maana induktansi ya mvujo ni 4 × (1 − 0.98²), yaani karibu milihenri 158. Kwenye hezi 50 hiyo ni takriban omu 50 zilizosimama njiani! Transfoma ya ukubwa wako haina mvujo wa namna hiyo. Nitakuonyesha hapa chini kwamba yako, kwa vipimo vya kawaida vya transfoma kama hiyo, iko jirani na milihenri 10, na K inayolingana nayo ni 0.99875 hivi. Sasa kucheza na tarakimu ya tatu baada ya nukta ili kupata kitu muhimu kiasi hicho ni kutafuta ugomvi. Mimi siku hizi K nimeiacha kabisa kwa kazi hii. Natumia transfoma kamilifu iliyojengwa kwa vyanzo tegemezi viwili (vyanzo vya volti au mkondo vinavyofuata volti au mkondo wa mahali pengine kwenye saketi), na mvujo nauweka wazi kama koili yake yenyewe.

Uvuguvugu wa bila mzigo ni wa kiini, yaani kile chuma kilichozungushiwa koili. Kila sumaku ya chuma inapogeuzwa kutoka kaskazini kwenda kusini na kurudi, mara 50 kwa sekunde, chuma hudai malipo kidogo ya kugeuzwa. Hiyo ndiyo histeresisi. Juu yake, flaksi inayobadilika huamsha mikondo inayozunguka ndani ya chuma chenyewe, kana kwamba kiini nacho ni koili iliyopigwa shoti. Mabati membamba yaliyopakwa insulesheni yanaipunguza mikondo hiyo, hayaimalizi. Yote mawili hutokea kwa sababu kuna volti, mzigo uwepo au usiwepo. Kwa hiyo mahali pake kwenye mchoro ni ukinzani uliokaa sambamba na koili ya kwanza, usiojali mzigo unavuta nini.

Thamani zake haziko kwenye kibandiko cha transfoma. Zinatoka kwenye vipimo viwili vya zamani kuliko kompyuta yenyewe, na unavyo vifaa karibu vyote: mita ya wati, mita ya volti na ya mkondo zinazosoma RMS (thamani fanisi ya wimbi) ya kweli, na variaki, ile transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa kitasa.

Cha kwanza, upande wa pili uache wazi, upande wa kwanza upe volti 230 kamili. Tuseme unasoma ampea 0.19 na wati 11.5. (Namba hizi nimezichagua zifanane na transfoma ya ukubwa wako, weka za kwako mahali pake.) Shaba hapo imekula 0.19² × 2.6, hata sehemu ya kumi ya wati haifiki, kwa hiyo wati 11.5 zote tunakihesabia kiini. Ukinzani wa kiini ni 230² ÷ 11.5, sawa na omu 4600. Mkondo wake ni ampea 0.05. Uliobaki ni wa kuamsha usumaku: mzizi wa (0.19² − 0.05²), ampea 0.183, ambao unatupa omu 1255 au henri 4. Henri 4 zako basi zilikuwa sahihi, na kama ulizipata kwa mita ndogo ya kupimia koili umebahatika, kwa sababu mita zile hutekenya kiini kwa flaksi kiduchu na mara nyingi husoma kitu tofauti kabisa. Angalia pia kwamba nguvu hapa ni robo tu ya volti mara ampea. Mita za wati za bei ya chini hubabaika kwenye hali hiyo, kwa hiyo ijaribu kwanza kwa kitu unachokijua.

Ukiwa bado hapo, pima volti za upande wa pili. Usishangae ukikuta 25.6 badala ya 24. Watengenezaji wengi huandika volti za mzigo kamili na kuongeza mizingo kidogo kufidia kinachoangukia njiani. Uwiano wako wa kweli basi ni 230 ÷ 25.6, yaani 8.984, si 9.583 uliyotumia. Hilo nalo ni kosa dogo lililokuwa limejikunyata kwenye milihenri 43.5.

Cha pili, funga upande wa pili kwa shoti nene, na upande wa kwanza uanze na variaki kwenye SIFURI. Nasisitiza kwa sababu niliwahi kuunganisha nikiamini variaki imeshushwa, kumbe aliyeitumia kabla yangu aliiacha katikati. Fyuzi iliniokoa, masikio yalilia hadi jioni. Transfoma yako ikipewa volti 230 ikiwa na shoti ingevuta ampea 37 hivi. Panda polepole hadi mkondo wa kwanza ufike ampea 2.32, ambao ndio unaolingana na mzigo kamili wa ampea 20.83 upande wa pili. Tuseme hapo mita zinasoma volti 14.2 na wati 28.3. Flaksi ni ndogo mno kwenye volti hizo, kiini hakidai kitu, wati zote ni za nyaya. Ukinzani wa jumla ni 28.3 ÷ 2.32², omu 5.26. Kizuizi chote ni 14.2 ÷ 2.32, omu 6.12. Tofauti yao kwa Pythagoras ni omu 3.13, na kwa hezi 50 hizo ndizo milihenri 10 za mvujo nilizozitaja.

Sasa linganisha na ulivyopima wewe kwa mkondo wa betri. Omu 0.030 za upande wa pili, zikivushwa kwenda upande wa kwanza, huzidishwa kwa 8.984² na kuwa 2.42. Jumlisha 2.6, unapata 5.02. Kipimo cha shoti kimesema 5.26. Zile omu 0.24 za ziada ni upotevu unaotokea pale flaksi ya mvujo inapokatiza shaba na vyuma vya jirani, kama fremu na boliti. Ni zaidi ya wati moja tu kwako. Kwenye transfoma kubwa za gridi jambo hili si la kupuuza hata kidogo, lakini kwako tuliweke na tusonge.

Kilichobaki, na ndicho kikubwa kuliko chote isipokuwa kiini, ni joto. Ulipima koili zikiwa baridi, kisha ukalinganisha na transfoma iliyokwisha kufanya kazi kwa saa kadhaa. Ukinzani wa shaba hupanda kwa uwiano wa (234.5 + joto jipya) kwa (234.5 + joto la zamani), nyuzi za Selsiasi. Kutoka 20 hadi 90 ni 324.5 ÷ 254.5, yaani mara 1.275. Wati 27 za shaba baridi zinakuwa zaidi ya 34 bila mtu kugusa chochote. Usikisie hizo nyuzi 90. Zima umeme, chomoa, na pima ukinzani wa koili ya kwanza ndani ya nusu dakika ya mwanzo. Koili yenyewe ndiyo kipimajoto chako bora, maana kidole au kifaa cha kupima joto kwa mbali huona ngozi ya nje tu. Upotevu wa mvujo, kinyume chake, hupungua kidogo shaba ikipata moto, kwa sababu mikondo ile inakutana na ukinzani zaidi. Hivyo 0.24 inakuwa 0.19.

Upande wa kwanza basi ni 2.6 × 1.275 + 0.19, omu 3.5. Upande wa pili ni omu 0.0383. Saketi nzima ni hii (Lv ni mvujo, Rc ni ukinzani wa kiini, Lm ni koili ya kuamsha usumaku, Rz ni mzigo):

* transfoma 500 VA, koili zikiwa na moto
V1 a 0 SIN(0 325.3 50 0 0 90)
R1 a b 3.5
Lv b c 10m
Rc c 0 4600
Lm c 0 4
E1 s 0 c 0 0.1113
Vs s t 0
F1 c 0 Vs 0.1113
R2 t u 0.0383
Rz u 0 1.152
.tran 0 0.2 0.1 20u uic
.meas tran Pingia AVG -V(a)*I(V1)
.meas tran Pmzigo AVG V(u)*I(Rz)
.meas tran Pkiini AVG V(c)*I(Rc)

E1 inachukua volti za kiini na kuzigawa kwa 8.984. F1 inausoma mkondo wa mzigo kupitia Vs, chanzo cha volti sifuri kisichofanya kazi nyingine ila kuhesabu, na kuudai kutoka upande wa kwanza kwa uwiano uleule. Wawili hawa kwa pamoja ni transfoma isiyopoteza chochote, na upotevu wote umekaa nje yao mahali unapoweza kuunyooshea kidole.

Tazama mstari wa V1 na ule wa .tran, maana hapo pana mtego wa pande mbili. Ukianzisha wimbi la sini kwenye volti sifuri, kama ilivyo kawaida, flaksi inaanza ikiwa imeegemea upande mmoja, na egemeo hilo hufifia kwa kasi ya Lm gawanya kwa R1. Kwako ni 4 ÷ 3.5, zaidi ya sekunde moja! Mtu anaendesha saketi sehemu ya kumi ya sekunde, anaona mkondo wa bila mzigo umepinda upande mmoja, anadhani programu ina kasoro. Dawa ni kuanzia kwenye kilele cha volti, nyuzi 90, ambapo flaksi ya kawaida ni sifuri. Lakini ukifanya hivyo tu bila neno uic, programu kabla ya kuanza hutafuta hali ya utulivu kwa mkondo wa moja kwa moja, inaona volti 325 zimesimama mbele ya omu 3.5, na inakujazia koili karibu ampea 93 kabla hata wimbi halijaanza. Neno uic linaiambia iruke hatua hiyo na kuanza koili zikiwa tupu. Kisha wastani uchukuliwe kwenye mizunguko kamili ya wimbi. Hapo juu nimeacha sekunde 0.1 za mwanzo zipite na kupima mizunguko mitano kamili. Ukipima mitano na robo, nishati iliyokopwa na koili itaingia kwenye hesabu kama upotevu.

Nilichopata kwa hesabu ya mkono, nawe utapata jirani na hapo: mzigo unapokea wati 495 kwa volti 23.9, R1 inakula 19.5, R2 inakula 16.5, kiini 10.7. Ufanisi asilimia 91.4. Kiini kimeshuka kutoka 11.5 kwa sababu volti fulani zimeangukia kwenye R1 kabla ya kukifikia. Bila mzigo utaona wati 11 na nusu, na uvuguvugu wako umepata kwao.

Usifurahie mno, hata hivyo, kukubaliana kwa 91.4 na "91 na kitu" yako. Ukipima nguvu inayoingia na inayotoka kwa mita zenye kosa la asilimia 1 kila moja, wati 540 zinakuja na kosa la wati 5 kila upande, na unatoa moja kwenye nyingine ili upate upotevu wa wati 47. Jibu linaweza kukosea kwa wati 10 bila mita yoyote kuwa mbovu. Ndiyo sababu naviamini vipimo vya wazi na vya shoti kuliko ufanisi uliopimwa moja kwa moja: vinapima upotevu wenyewe, si tofauti ya namba mbili kubwa.

Sasa mipaka ya ile Rc ya omu 4600. Ukinzani hula kwa kipeo cha pili cha volti, basi. Mikondo ya ndani ya mabati hufanya hivyohivyo: hukua kwa kipeo cha pili cha masafa na cha flaksi, na kwa kuwa flaksi ni volti kugawanya kwa masafa, masafa yanajifuta na volti pekee inabaki. Kwa hiyo Rc inawakilisha mikondo hiyo kwa uaminifu. Histeresisi ni mtu mwingine. Inakua sambamba na masafa, na kwa flaksi iliyopandishwa kwa kipeo ambacho mhandisi Steinmetz alikipata kuwa 1.6 alipochapisha vipimo vyake mwaka 1892. Kwa mabati ya leo yakisukumwa karibu na kujaa, kipeo huwa juu zaidi. Rc inaiiga kwenye volti na masafa uliyopimia tu. Ukitaka kujua kila mmoja anachukua ngapi, rudia kipimo cha wazi kwenye hezi 40 na volti 184, ili flaksi ibaki ileile. Ukisoma, mfano, wati 8.4, gawanya kila nguvu kwa masafa yake: 0.23 kwa hezi 50, 0.21 kwa hezi 40. Tofauti ya 0.02 kwa hezi 10 ni ya mikondo, 0.002 kwa kila hezi. Hivyo kwenye hezi 50 mikondo inakula wati 5 na histeresisi 6.5. Kama kazi yako yote ni volti 230 za hezi 50, utengano huu hauna faida. Kama utailisha kwa inveta inayobadilisha masafa, una faida kubwa.

Lm nayo si ya kudumu. Kiini hujaa. Badala ya henri 4 andika (x ni mkondo wa koili)

Lm c 0 Flux=1.25*tanh(4.1*x)+0.02*x

na mkondo wa bila mzigo utachongoka kama unavyouona kwenye osiloskopu, ilhali RMS yake inabaki karibu na ile 0.183. Kilele cha flaksi kazini ni 1.035 na kiini kinajaa jirani na 1.25, nafasi ya asilimia 20 hivi. Kipande cha 0.02 ni koili inayobaki chuma kikishajaa. Nimekikisia, kirekebishe ukishaona mkondo wa kuwashia. Na hapa ule mtego wa mwanzo unageuka kuwa kipimo: ondoa nyuzi 90, acha wimbi lianze sifuri, na soma mkondo kuanzia sekunde 0. Utaona makumi ya ampea kwenye nusu wimbi la kwanza, na utaelewa kwa nini fyuzi yako hukatika siku moja na siku nyingine haikatiki.

LTspice ina pia koili yenye histeresisi ya kweli, modeli ya Chan, inayotaka Hc, Br, Bs (namba za tabia ya usumaku ya chuma) na vipimo vya kiini. PSpice wana modeli ya Jiles na Atherton. Ni nzuri ukiwa na karatasi ya data ya chuma chako. Ukiitumia ya Chan, usijaribu kuiunganisha kwa K na koili nyingine, haikubali. Iweke mahali pa Lm, nayo ni sababu nyingine ya kupenda E1 na F1. Na ukumbuke kupandisha Rc ibaki ya mikondo peke yake, wati 5, yaani omu 10,580. La sivyo histeresisi utaihesabu mara mbili.

Mzigo wako ni ukinzani mtupu, kwa hiyo hapa ningeishia. Lakini kama mwisho wa safari ni rektifaya ya dayodi nne na kapasita, badilisha Rz kwa mzigo huo kabla hujaamini namba yoyote ya juu. Dayodi huvuta mkondo kwa vipande vifupi vya kileleni, na RMS ya vipande hivyo huwa mara 1.6 hadi 1.8 ya mkondo wa DC unaoutumia. Shaba hulipa kwa kipeo cha pili cha RMS hiyo. Ampea 20 za DC zitapika koili iliyoandikwa ampea 20.83, ingawa ampea zenyewe zinaonekana ndani ya kiwango. Hapo ndipo zile milihenri 10 zinapata kazi: mvujo hunyoosha vipande vya mkondo na kupunguza RMS, kwa hiyo ukiukosea mvujo utaukosea upotevu wa shaba pia, japo mvujo wenyewe hauli hata wati moja.